Sayyida Salme: Alikulia kwenye vioo na saa za Ulaya, akafa na mfuko wa mchanga

Malori ya taka ya Mombasa mwisho wake ni Mwakirunge. Kama unaishi Kisauni unayajua. Yanapita yamejaa, turubai linapepea, harufu inabaki nyuma. Kule jaani, vijana na kina mama huchambua: plastiki huku, vyuma kule, chupa pembeni. Na katika kuchambua huko hutokea vitu ambavyo zamani vilikuwa fahari ya sebule ya mtu. Kioo chenye fremu ya rangi ya dhahabu, kimepasuka. Chombo cha maua kilichomeguka mdomo. Saa ya ukutani iliyosimama. Taa ya mezani isiyo na kofia yake.

Wakati huohuo, si mbali na hapo, kuna kijana ndio kwanza amehamia chumba chake cha kwanza. Godoro lipo, jiko la gesi lipo, na sasa yuko kwenye simu anatazama nyumba za watu. Zulia la maelfu. Kioo cha duara. Mishumaa yenye harufu. Vasi moja bei yake inalipa kodi ya miezi mitatu. Anajiuliza kama akibana matumizi kidogo, asile nyama mwezi mzima, atakipata kile kioo.

Usimcheke. Wengi wetu tumepitia hapo. Kabla hujatuma pesa, hebu nikusimulie maisha ya mwanamke mmoja wa pwani yetu aliyezaliwa katikati ya vitu hivi, akavijua kimoja kimoja, akaviacha vyote usiku mmoja, na mwishowe akavieleza vizuri kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake. Jina lake Sayyida Salme binti Said.

Binti wa nyumba ya watu elfu

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Beit il Mtoni, kandokando ya bahari, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Watu wa Mombasa wanamjua vizuri huyo: ndiye aliyewashinda Wamazrui na kuutia mji wetu mkononi mwaka 1837. Mama yake aliitwa Jilfidan, mwanamke wa Kicherkesi aliyefikishwa kwenye jumba la Sultani akiwa bado mtoto, akawa suria.

Beit il Mtoni haikuwa nyumba ya baba, mama na watoto. Ilikuwa kama mtaa. Waliishi humo watu wapatao elfu moja: masuria, watoto, watumishi, watumwa, wageni. Uani walitembea tausi, paa na mbuni. Kulikuwa na mabafu, ngazi zisizohesabika, na roshani kubwa iliyotazama baharini ambako Sayyid Said alipenda kutembeatembea akiwaza mambo yake.

Alipofika miaka saba, Salme na mama yake walihamia mjini kwenye nyumba ya kaka yake Majid, Beit il Watoro. Baadaye wakahamia Beit il Tani. Kila nyumba ilikuwa na watu wake na desturi zake, na msichana huyu alikuwa na jicho. Alitazama kila kitu, wala hakusahau.

Chumba kilivyopangwa

Sasa sikiliza jinsi chumba cha mtu mwenye uwezo Unguja kilivyokuwa miaka ya 1850, kwa maelezo aliyoyaacha Salme mwenyewe.

Kuta zimepakwa chokaa nyeupe. Ndani ya kuta, kuanzia chini hadi karibu na dari, kuna zidaka, yaani zile nafasi zilizochimbwa ukutani kama kabati lisilo na mlango. Kila kidaka kimegawanywa kwa rafu za mbao zilizotiwa rangi. Juu ya rafu hizo zimepangwa sahani za kauri, bilauri, mabuli na vyombo vya kioo vya thamani, kwa ulinganifu kabisa: kushoto ukiona sahani kubwa, kulia nako ipo. Mwenye kupenda vyombo hakuuliza bei.

Kati ya kidaka na kidaka huwekwa vioo virefu, vingi vikiwa vimeagizwa Ulaya. Juu ya vioo, saa. Saa zilikuwa ugonjwa wa mji mzima, kwani mtu aliweza kuwa na kadhaa chumba kimoja, za kila namna. Chini ni zulia la Kiajemi au mkeka laini. Kitanda ni cha mbao nzito za Kihindi zilizochongwa maua, kirefu kwenda juu hata mtu akahitaji kusaidiwa kukipanda.

Ukisoma hayo unaona kwamba haikuwa suala la kurundika vitu tu. Kulikuwa na kanuni. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, jicho lilipumzika, na ukuta mweupe uliviacha vyombo viseme. Hao wapambaji wa nyumba wanaotufundisha kwenye simu leo kuhusu kuacha nafasi tupu na kulinganisha pande mbili, bibi zetu walikuwa wameshamaliza somo.

Wala hayakuwa ya Unguja pekee. Zidaka zipo katika nyumba kongwe za Lamu na za miji mingine ya pwani. Sahani za Kichina zilifika huku karne nyingi kabla Salme hajazaliwa, na watu wa pwani walizijengea kwenye kuta na hata kwenye makaburi ya wakubwa wao. Ukitaka kuona kwa macho, nenda Fort Jesus: makumbusho ya pale yana vyombo vya kauri vilivyochimbuliwa Gedi. Mtu wa Gedi alikuwa akila kwenye sahani iliyotoka Uchina, na hakuwa na simu ya kuagizia.

Oda ya mara moja kwa mwaka

Vitu hivyo vilifikaje? Kwa jahazi na merikebu. Sayyid Said alikuwa mtawala, lakini damu yake ilikuwa ya biashara. Mwaka 1840 merikebu yake Sultana ilikwenda hadi New York ikiwa na pembe za ndovu, karafuu, tende na mazulia, ikarudi na bidhaa za Marekani. Nahodha na wajumbe wake walikuwa kituko cha mji kule.

Salme alikumbuka vizuri desturi ya nyumbani kwao. Kila mwaka merikebu za baba yake zilikwenda Ulaya, Uajemi na Bara Hindi kuuza mazao, na manahodha walipewa orodha ndefu za mahitaji ya jumba. Ziliporudi, ilikuwa sikukuu. Mizigo ilifunguliwa na kugawiwa kwa siku kadhaa: vitambaa, manukato, hariri, na kwa watoto midoli na vinanda vinavyojipiga vyenyewe. Nyumba nzima ilichangamka, watu wakibadilishana walichopata kwa walichokitaka.

Kwa kifupi, ile furaha ya kufungua boksi la mzigo uliosubiri wiki tatu, watu wa Mtoni waliijua. Tofauti ni kwamba wao walisubiri mwaka.

Kalamu ya kujifunza kwa siri

Lakini ndani ya jumba lote hilo lenye vioo na saa, kulikuwa na kitu kimoja ambacho msichana hakupewa. Wasichana walifundishwa kusoma tu. Kuandika hapana. Salme akaona hiyo haimtoshi. Akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto walikuwa wakiutumia kama slate, akaanza kunakili herufi za Kiarabu kutoka kwenye Kurani, polepole, kwa siri, mpaka akaweza. Ilipojulikana, watu walishtuka. Yeye hakujali.

Mwaka 1856 Sayyid Said alifia baharini akirudi Unguja kutoka Oman. Salme, mwenye miaka 12, alipata urithi wake: shamba lenye nyumba, pamoja na pauni 5,429, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kikamchukua mama yake, na mashamba mengine yakamwangukia yeye. Katika umri ambao wewe uko kidato cha tatu, alikuwa na mali yake mwenyewe na hakuna wa kumwamuru.

Hapo ndipo ile kalamu ilipomtia matatani. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipanga kumpindua Majid, aliyekuwa amerithi kiti cha Unguja. Dada yao Khole, ambaye Salme alimpenda mno, alikuwa upande wa Barghash, na akamvuta mdogo wake. Kwa kuwa Salme ndiye aliyejua kuandika, akawa katibu wa njama akiwa na miaka 15. Njama ilishindwa kwa msaada wa Waingereza. Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Salme akajitenga mashambani, kisha akapatana na Majid. Kwa kupatana huko, upande wa Barghash ukamwona msaliti. Kumbuka jambo hilo, maana litarudi.

Usiku wa kuacha kila kitu

Aliporudi kuishi mjini, jirani yake alikuwa Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana, paa kwa paa, dirisha kwa dirisha. Wakajuana, wakapendana, na Salme akapata mimba. Kwa binti wa Sultani, tena kwa mtu asiye Mwislamu, hili lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Mwezi Agosti 1866 alitoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, iliyompeleka Aden. Wala hukupanda manowari usiku na kabati mgongoni. Vidaka vyake, saa zake, vioo vyake, mashamba yake, vyote vilibaki. Aden alibatizwa, akapewa jina Emily, na tarehe 30 Mei 1867 akafunga ndoa na Ruete. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mchanga. Kisha wakaenda Hamburg.

Fikiria hali hiyo. Mtu aliyezoea upepo wa bahari kupita chumbani sasa yuko kwenye nyumba iliyofungwa madirisha kwa sababu ya baridi. Badala ya zulia na mto wa kuegemea, viti. Lugha haijui, yeye na mumewe walielewana kwa Kiswahili. Watu wanakuja kumtazama kama kitu cha maonyesho. Yaani yeye aliyekuwa mwenye vyombo kwenye kidaka, sasa yeye ndiye chombo kwenye kidaka cha wengine.

Walipata watoto watatu kwa haraka: Antonie, Rudolph na Rosalie. Halafu Agosti 1870, mumewe akagongwa na tramu, akafa. Salme hakuwa ametimiza miaka 26. Alikuwa na watoto watatu wadogo, katika nchi ya watu, na mambo ya mali ya mumewe yakamwendea kombo.

Kuhesabu senti Ujerumani

Kuanzia hapo maisha yake ni ya kuhamahama akitafuta mahali ambapo pesa kidogo ingetosha: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Alifundisha lugha ya Kiarabu ili watoto wale. Binti aliyekulia nyumba ambako bei ya sahani haikuulizwa, sasa aliuliza bei ya kila kitu.

Aliutaka urithi wake wa Unguja. Lakini Majid alifariki mwaka 1870, na aliyeketi kwenye kiti sasa alikuwa nani? Barghash, yuleyule ambaye Salme alimwandikia barua za njama, kisha akapatana na adui yake. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alikwenda kujaribu kumwona. Serikali ya Uingereza ilifanya kila njia wasikutane.

Mwaka 1885 Ujerumani ilikuwa ikigombania bara la Afrika Mashariki, ikaona huyu mama anafaa kutiliwa nguvu kwenye mazungumzo. Wakampeleka Unguja pamoja na manowari zao. Baada ya miaka 19 akaona tena minazi ya kwao. Watu wa mjini walimfuata njiani, wakamwamkia. Kaka yake hakumpokea. Ufukweni lilikuwa limeshasimama jumba jipya la Barghash, Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, kubwa kuliko yote, lenye mapambo ya kuwashangaza wageni. Mlango wake haukufunguka kwa Salme. Na alipokwenda Beit il Mtoni alikozaliwa, alikuta magofu. Ngazi zimeanguka, majani yameota mahali palipotandikwa mazulia.

Wajerumani walipopata walichotaka, habari ya urithi wake ikaachwa kando. Akarudi tena mwaka 1888, Barghash akiwa ameshakufa, na mara hiyo pia akaondoka mikono mitupu.

Kile alichoweza kurudisha

Mwaka 1886 Salme alichapisha kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya mwanamke wa Kiarabu kujisimulia mwenyewe na kuchapishwa. Alikuwa ameanza kukiandika kwa ajili ya watoto wake, ili wajue mama yao ametoka wapi. Ndiyo maana kila kitu kimo humo kwa undani: rafu za kidaka, urefu wa kitanda, chakula, udi, mavazi, kelele za uani. Alikuwa akiwapangia watoto wake nyumba ambayo hawangeweza kuiingia.

Na tazama kilichobaki. Beit il Mtoni ni magofu. Majumba ya kifalme ya mjini yalipigwa mizinga na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, vita vya chini ya saa moja. Beit al-Ajaib yenyewe ilibomoka sehemu kubwa Desemba 2020. Vioo vya Ulaya, saa zile, sahani zile, mwisho wake sijui ni jaa gani. Lakini chumba alichokieleza Salme bado kipo. Ukitaka kukipanga leo, unaweza. Yule mfupa wa ngamia ulimlipa kuliko mashamba yote.

Bili ilikuwa ya nani?

Lakini hadithi hii haijakamilika bila swali moja. Nani aliyefuta vumbi kwenye vioo vile? Nani aliyechuma karafuu zilizonunua saa? Walikuwa watumwa. Wengi walitoka bara, walipitishwa kwenye pwani yetu hii hii, wakauzwa Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukupigwa marufuku kisheria huko mpaka 1897.

Salme, pamoja na jicho lake kali, hapa hakuona, au hakutaka kuona. Katika kitabu chake aliutetea utumwa wa Kiarabu, akidai si mbaya kama Wazungu walivyosema. Jambo hilo halijasahauliwa. Mwaka 2019 uwanja mmoja wa Hamburg ulipewa jina lake. Baadaye watu wakauliza kuhusu maneno yake juu ya utumwa, na jina likaondolewa.

Mtu anaweza kudhulumiwa na bado akawa amekalia jasho la wengine. Salme alikuwa vyote viwili. Kwa hiyo unapokiona chumba chake kizuri, kione pamoja na mikono iliyokisafisha. Hata leo uliza. Kile kikapu cha ukili kinachouzwa bei ya juu dukani Nairobi au ng'ambo, mama aliyekisuka amelipwa ngapi? Zulia lile la bei poa limefumwa na nani? Na kitu kikichosha macho yako baada ya miezi sita, nani atakichambua kule Mwakirunge?

Mfuko mmoja

Kuanzia mwaka 1889 Salme aliishi zaidi Beirut na Jaffa, karibu na lugha aliyoizoea na jua alilolipenda, hadi 1914 aliporudi Ujerumani. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Alizikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mumewe.

Katika vitu vyake vya mwisho kulikuwa na mfuko mdogo wa mchanga wa ufukweni kwao Unguja. Alikuwa ameutunza miaka yote, katika kuhama kote kule. Makumbusho ya kasri pale Mji Mkongwe yalimtengea chumba cha kumkumbuka.

Sasa mimi sikuambii usinunue kioo. Nyumba nzuri ni haki ya mtu, hata chumba kimoja cha Mwakirunge kinastahili ukuta uliopakwa chokaa safi na sahani moja nzuri iliyowekwa mahali pake. Hiyo ni desturi yetu, wala hatukuiazima kwa mtu. Zunguka Kongowea, utapata kioo cha mtumba kwa bei ya kuelewana. Mpe fundi wa mtaani kazi ya rafu, umlipe vizuri.

Ila kabla ya kulipa, jiulize swali ambalo Salme alilijibu bila kutaka, usiku ule wa Highflyer. Ukilazimika kuondoka usiku huu na mfuko mmoja mkononi, kitu gani cha chumba chako utakichukua? Kama hakuna hata kimoja, basi bado hujaanza kupamba nyumba. Umenunua vitu tu.